Mapipa Mawili ya Bahari

Mwezi uliopita nilikwenda Kagondo kumzika Ma Kokushubila, jirani yangu wa zamani. Nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu nikamwona binti mmoja anapita uani na kopo mkononi, anafunua kila pipa analolikuta, anachota, anafunika, anakwenda zake jikoni. Hakumuuliza mtu. Na kwa nini aulize? Kwetu msiba ukishaingia, nyumba si ya mwenyewe tena. Mfiwa anakaa chini, na wanawake wa jirani wanaingia jikoni, wanachukua sufuria, kuni, ndizi, maji, wanafungua kabati, na mfiwa haulizwi hata kijiko kiko wapi. Ndiyo heshima yenyewe. Nilimtazama binti yule nikaanza kulia, na waliokuwa karibu wakanishika mabega wakidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia, ndiyo, nani asingemlilia Ma Kokushubila? Lakini nililia pia mapipa yangu mawili, na mwaka ule niliokaa Bakoba, mtaa wetu pale Bukoba mjini, ambao sijawahi kumsimulia mtu ukafika mwisho, kwa sababu kila nikifika kwenye samaki watu wanacheka.

Basi cheka, lakini sikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la pili, na nilikuwa nimeomba likizo bila mshahara ili nimuuguze kaka yangu Deo. Alikuwa amerudi kutoka Tanga, ambako kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kituo kimoja cha kuchunguza viumbe vya baharini. Hakuwa msomi mkubwa. Alikuwa fundi wa matangi, yeye ndiye aliyehakikisha samaki wa wasomi hawafi. Alirudi amekonda, na Bukoba ya wakati ule ukisikia mtu karudi nyumbani amekonda hukuuliza swali la pili. Vita vilikuwa vimepita, tulikuwa tumezika waliouawa na tumewapokea waliorudi, tukadhani sasa tutapumua. Halafu likaja hili la silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi, likaanza kuchukua vijana mmojammoja, nyumba kwa nyumba, bila mzinga wala ndege. Watu wengine wakirudi kutoka pwani walileta redio, au baiskeli, au kanga za mama. Kaka yangu alileta tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa magunia yenye maji, ndoo nne za chumvi, na samaki wawili.

Walisafiri kwenye madumu, treni mpaka Mwanza kisha meli mpaka Bukoba, na njia nzima Deo akiwapulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Mgonjwa huyo! Mtu asiyeweza kubeba begi lake mwenyewe. Walikuwa wadogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa, wamefungwa mistari myeupe kama vitambaa vya wagonjwa. Pamoja nao kulikuwa na kiumbe kimoja laini, mfano wa ua lenye vidole, kimeshikilia jiwe, na samaki wale walilala humo ndani ya vidole vyake kana kwamba ni godoro. Majina walipewa na Hilda, binti yake Deo, aliyebaki Tanga na mama yake, maana wazazi walikuwa wameshaachana. Mmoja alimwita Chungwa. Wa pili, kwa kuwa alimfuata mwenzake kila mahali na kujitia katika kila shughuli isiyomhusu, alimwita Shemeji. Mtoto wa miaka tisa, lakini jicho alikuwa nalo.

Tuliweka tangi katika chumba cha mbele, chumba pekee chenye dirisha kubwa. Vioo vya dirisha vilikuwa bado vina karatasi nyeusi tulizobandika wakati wa vita ili taa isionekane nje, na hakuna aliyewahi kujishughulisha kuzitoa. Nilikesha siku mbili mchana, kama naweza kusema hivyo, nikizikwangua kwa kisu na maji ya moto. Mwanga ulipoingia niliona chumba kilivyo kidogo: kitanda cha Deo ukutani, meza yenye dawa ambazo hazikumsaidia, kiti kimoja cha wageni, na ile bahari. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Ukiwepo, kulikuwa na pampu ndogo iliyotoa mapovu na balbu ya kupasha joto, kwa sababu Bukoba yetu ni ya baridi kwa samaki wa Tanga. Umeme ukikatika, nilijaza chupa maji ya moto nikaziweka humo zielee, nikachota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, chota mimina, chota mimina, ili yapate hewa. Mkono ulikufa ganzi. Deo akiwa kitandani alikuwa akisema, "Juu kidogo, Paska. Yaanguke. Unamwagilia nyanya?"

Lakini kazi kubwa ilikuwa maji yenyewe. Mimi nilizaliwa na ziwa mbele ya macho, nikadhani maji ni maji na chumvi ni chumvi. "Hiyo chumvi ya jikoni ni moja tu," Deo aliniambia. "Baharini ziko nyingi, zimekaa pamoja kama ukoo. Ukitoa mmoja, wengine wanagombana." Zile ndoo nne zilikuwa na ukoo wote umekaushwa kuwa unga. Tulikinga maji ya mvua, lakini si mvua ya kwanza, hiyo tuliiacha ioshe moshi na mavi ya popo kwenye mabati. Tuliyaweka kwenye mapipa ya plastiki, kwa sababu bati na shaba huua samaki wa namna ile. Mapipa niliyasugua kwa mchanga na maji matupu, sabuni marufuku, hata mikono yangu niliinawa bila sabuni mpaka nikawa nanuka kama nguo za jana. Chumvi ndiyo inayoingia kwenye maji, si maji kwenye chumvi. Unaimimina kidogokidogo huku unakoroga kwa mwiko mpya ambao haujawahi kuona mafuta. Unaacha mpaka kesho. Unatumbukiza kipimo chake, kijiti cha kioo kinachoelea wima, na unasoma pale maji yanapokikata. Halafu unafunika, unachora alama ya mkaa ubavuni mwa pipa usawa wa maji, na kila asubuhi unafunua na kukoroga mara mia moja ili yasilale.

Kawaida yake ilikuwa kuchanganya kidogo, ya wiki chache tu. Lakini unga ulianza kushika unyevu na kuganda, mvua zetu unazijua, na yeye mwenyewe alianza kushindwa kusoma namba kwenye kile kijiti. Siku moja akaniambia tuchanganye yote, yote kabisa, yeye akiwa bado anaona. Nilimbeba mgongoni mpaka stoo ya nyuma. Alikuwa mwepesi kuliko mkungu wa ndizi, na niliumia kwa wepesi ule kuliko ambavyo ningeumia kwa uzito. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatoa amri, mimi nikamimina na kukoroga, na jioni tulikuwa na mapipa mawili yamejaa bahari na ndoo nne tupu. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa darasa la pili: ndoo moja ya maji machafu itoke tangini kila baada ya wiki mbili, ndoo moja safi iingie. Yangetufikisha Desemba na kupita.

Desemba ndiyo ilikuwa neno letu. Hilda alikuwa ameandika barua, mwandiko umelala kulia wote kama migomba baada ya upepo: "Baba, Chungwa na Shemeji wazima? Tukifunga shule Mjomba atanileta. Usiwape ugali." Deo aliisoma mpaka mikunjo ikachanika. Alasiri moja akaniita nikakaa kwenye kile kiti cha wageni, ambacho kwa kweli kilikuwa changu, maana wageni wenyewe walikuwa wapi?

"Mimi sitafika Desemba," akasema.

"Deo, acha maneno hayo."

"Usinibishie, sina pumzi ya kubishana. Nakuomba kitu kimoja tu. Mwanangu akifika, asikute nyumba tupu. Akute kitu nilichokuwa nakilea kinapumua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema utafanya."

Nikasema nitafanya. Sikujua nilichokuwa naahidi, lakini ahadi kwa mgonjwa huwa hairudishwi.

Nimesema wageni. Ngoja niseme ukweli, uzeeni sina sababu ya kumficha mtu. Mwaka ule hakuna aliyekanyaga chumba kile isipokuwa mimi na padri mara mbili, na padri alisimama. Watu walisalimia kutoka barabarani. Mama Anakleti, jirani yetu wa mlango kwa mlango, ambaye zamani aliingia bila hodi kuomba kaa la moto, sasa alisimama upande wa pili wa ua wa miti ya miyenzi.

"Paska, kaka anaendeleaje?"

"Hivyohivyo, waitu. Karibu chai."

"Aa, mwanangu, nimetoka kunywa sasa hivi."

Mwaka ule Bakoba nzima ilikuwa imetoka kunywa chai sasa hivi. Kanisani nikikaa kwenye benchi, wa kulia anasogea kulia na wa kushoto anasogea kushoto, nabaki katikati kama bibi harusi asiye na bwana. Sokoni muuza dagaa aliniwekea chenji juu ya gunia badala ya mkononi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaogopa, na wengi wao walikuwa na mgonjwa wao chumba cha ndani ambaye hawajamtaja. Ma Kokushubila peke yake aliacha mkungu wa ndizi langoni kila Jumamosi, lakini hata yeye aliuacha na kwenda, nikitoka naona mgongo wake tu. Ilipita miezi sijaguswa na mtu mwenye afya. Unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Jaribu. Asubuhi nilikuwa nakwenda stoo kukoroga mapipa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka mia, kisha pipa la pili, mpaka mia, kwa sababu nilitaka kusikia mtu anaongea. Mchana nikikaa mbele ya tangi Shemeji alinijia kwenye kioo akanitazama, na nakwambia bila aibu, nilimsimulia mambo yangu.

Deo alikufa mwezi wa kumi, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, anatazama tangi. Nilimfumba macho, nikatoka mlangoni nikapiga ule ukelele wetu. Na hapo, ndugu yangu, wakaja. Wote! Kabla jua halijakaa vizuri, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Walioshindwa kunywa kikombe cha chai mwaka mzima walimwagika kama kumbikumbi. Wanaume walikaa nje kupanga gari la kumpeleka marehemu Muleba kwenye kibanja chetu kesho yake. Wanawake walitandika majani na mikeka sakafuni, wakanikalisha chini kando ya mwili, na Mama Anakleti akajifunga kanga kiunoni akaelekea jikoni na jeshi lake. Nilikuwa na hasira nao na nilikuwa nawashukuru, vyote kwa pamoja, na sijawahi kujua kipi kilizidi.

Ma Kokushubila alikaa kulia kwangu. Alichukua mkono wangu, huo huo uliokuwa umeshika wa Deo, akauweka mapajani mwake akaufunika kwa mikono yake miwili. Mikono mikavu, yenye joto, inanuka moshi na majani ya migomba. Nilihisi kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani, shingo ikashindwa kukaa sawa. Na ni wakati huohuo nikasikia, upande wa pili wa ukuta, kule stoo, mfuniko wa pipa unafunguliwa. Nilikuwa nimeufungua kila asubuhi, sauti yake naijua. Nikasikia kopo linazama. Nikasikia Mama Anakleti akisema, "Hawa wana maji mazuri, yamefunikwa vizuri, chota hapa msihangaike bombani."

Nilijua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba sikujua. Ingetosha nipaze sauti, au niinuke niende. Ni kweli mfiwa hainuki, wangesema dada huyu hana adabu, kaka yake hajapoa yeye anahesabu maji. Lakini si adabu iliyonizuia. Nilijua nikiinuka nitautoa mkono wangu pale ulipo, na sikuwa na hakika kama utarudishwa. Nikanyamaza. Kopo likazama tena, na tena, na mimi nimekaa na mkono wangu.

Chakula kilipopakuliwa, kelele zilianza kwa wanaume. Mmoja alitema ndizi majanini. Mwingine akaonja chai akaitema pia, akasimama. Lawama zikaanza jikoni: nani katia chumvi, wewe umetia, na mimi nimetia, basi tumetia mara mbili. Mama Anakleti akaapa kwa Bikira Maria kwamba hajagusa chumvi, maana chumvi yenyewe dukani ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Akaenda akaonja maji ya pipa. Akarudi ameshika kopo mbali na mwili wake. Mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Maji ya nyumba hii yana nini?" Mwingine akavuta watoto wake. Nikaona macho yote yananigeukia, na katika macho yale nikaona neno la ugonjwa na neno la sumu na neno la uchawi yamesimama foleni. Huko nyuma ya nyumba kulikuwa na msukosuko na maji yanamwagika.

Hapo ndipo nilipoinuka, nikiwa nimechelewa. Nilikwenda jikoni, nikachukua kikombe, nikachota katika ndoo waliyokuwa wamebakisha, nikarudi nikasimama mbele yao.

"Ni maji ya bahari," nikasema. "Kaka yangu aliyatengeneza kwa mikono yake, ya kuwatunzia samaki wake. Hayana ugonjwa. Hayana dawa. Ni mvua na chumvi." Nikanywa kikombe kizima. Usijaribu.

Hakuna aliyesogea. Kisha Ma Kokushubila akajizoazoa kutoka mkekani, akanipokonya kikombe, akachovya kidole kwenye matone yaliyobaki, akaonja. Uso wake ukakunjamana wote.

"Mawe!" akasema, yaani mama yangu kwa kilugha chetu. "Na watu wa Tanga wanaoga humu?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengi, mbele ya maiti, Mungu atusamehe, wakacheka mpaka wengine wakaanza kulia upya kutokea kwenye kicheko. Mzee mmoja akasema Deo katupikia mwenyewe, basi tuonje, akameza kipande kimoja cha ndizi ile akifumba macho. Wanaume wakatumwa bombani na madumu, chakula kikapikwa upya. Mimi nikaenda stoo. Pipa la kwanza lilikuwa limeishia kwenye ndizi na chai na kuoshea sufuria. La pili vijana walikuwa wameshalipindua chini ya migomba nyuma ya nyumba, wakidhani wanatuokoa. Mama Anakleti alisimama mlangoni anasokota ncha ya kanga yake.

"Paska, mwanangu. Si ungesema?"

"Mfiwa hasemi, waitu."

"Kweli," akasema. "Kweli. Basi maji yakimwagika hayazoleki."

Migomba miwili ya pale ilikauka kwa chumvi kabla mwaka haujaisha. Ile ndoo moja ya jikoni, nusu yake, ndiyo bahari iliyobaki Bakoba.

Tulimzika Deo Muleba, chini ya mibuni, na desturi ilinitaka nikae kwenye majani pamoja na wanawake wa ukoo siku nne. Nilikaa. Siku ya nne nilianza kufunga kanga zangu kabla ya wakati na shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Muacheni, anakimbilia samaki." Nilikuwa nakimbilia samaki, ndiyo. Nilifika Bakoba nikakuta umeme umekatika sijui tangu lini, maji ya tangi yamelala na yana ukungu. Chungwa alikuwa ameelea kwenye kona, ubavu juu. Shemeji alikuwa ndani kabisa ya vile vidole, anapumua harakaharaka. Nilivua viatu nikaanza kuchota na kumimina, chota mimina, mpaka jua likahama dirishani. Nilimimina ile nusu ndoo. Halafu nikakaa kwenye kiti changu nikajua kwamba hayapo mengine, na kwamba nilikuwa nimeyauza kwa kushikwa mkono.

Nilidhani nimeshauona upweke wote wakati wa kuuguza. Kumbe kuuguza ni kazi, na kazi ina mtu ndani yake. Sasa asubuhi niliamka sina wa kumgeuza, sina wa kumwosha, sina mapipa ya kukoroga. Wageni wa msiba walikuwa wamerudi kwao kama walivyokuja. Ma Kokushubila sasa aliingia ndani Jumamosi, akakaa kitandani pa Deo, akanywa chai yangu mpaka machicha, na kwa hilo nitamwombea mpaka nami nife. Lakini wiki ina siku sita nyingine. Nilijipangia sheria moja tu: Shemeji afike Desemba. Nilikumbuka Deo alivyosema kwamba maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo kinachopungua kwa jua kinarudishwa kwa maji ya mvua matupu. Nikafanya hivyo, nikichungulia kila siku alama ya maji niliyochora kwenye kioo. Sikuthubutu kubadili maji. Nilitoa uchafu kwa kijiko. Nilimpa chakula kidogo sana, punje za yai lililochemshwa, ili asichafue. Yule mwenye vidole alianza kusinyaa, kila wiki kidogo, kama mkono unaofumba. Shemeji alififia rangi lakini kila nilipokaa alikuja kwenye kioo. Nilimwambia, "Wewe ulizoea kufuata, sasa ongoza." Nikamlilia Deo hapo, mbele ya samaki, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kusikia.

Meli iliingia asubuhi yenye mvua, katikati ya Desemba. Sikwenda bandarini, niliogopa umeme ukatike nikiwa njiani. Niliwaona wanakuja barabarani, mwanamume mfupi na sanduku, na mtoto mwenye sweta jekundu anayeruka madimbwi. Alikuwa na paji la uso la Deo, lilelile. Alipiga magoti kunisalimia kama alivyofundishwa, "Shikamoo Shangazi," kisha akanipita kama upepo akaingia ndani. Nilitaka kumfuata, lakini mjomba wake alinishika kiwiko pale barazani.

"Barua yako ya msiba tuliipata," akasema akiangalia viatu vyake. "Pole sana. Lakini mtoto hajaambiwa."

"Hajaambiwa nini?"

"Tulisema habari ya baba wa mtoto inasemwa nyumbani kwa baba, na shangazi ndiye mwenye kuisema. Sisi ni watu wa kwa mama tu."

Sikuwa na nguvu ya kumtukana. Miezi miwili nilikuwa nimehangaika na chumvi na hewa na yai la kuchemsha, nikidhani kazi yangu ni samaki. Niliingia ndani. Hilda alikuwa amebandika pua kwenye kioo, na Shemeji alikuwa upande wa pili, wametazamana.

"Shangazi, ni Shemeji! Amekuwa mweupe kama mzee! Chungwa yuko wapi?"

"Chungwa alikufa, mwanangu."

Alikuwa mtoto wa matangi, alijua samaki hufa. Akapangusa kioo pale pumzi yake ilipoacha ukungu.

"Baba alilia?" akauliza. Kisha akainuka, akaangalia kitanda kilichotandikwa vizuri mno, akaangalia mlango wa ndani. "Yuko wapi? Nataka nimpe pole."

Nilipiga magoti ili macho yetu yawe sawa. Nikamwambia. Sikusema amesafiri wala amelala wala Mungu kampenda zaidi. Nilisema baba yako alikufa mwezi wa kumi, asubuhi, hapa kitandani, nilikuwa nimemshika mkono, alikuwa anawatazama hawa samaki na anakungoja wewe. Tumemzika Muleba. Nitakupeleka.

Hakulia. Alirudi kwenye tangi akatazama muda mrefu, mpaka nikasikia mjomba wake anakohoa huko nje. Mapovu yalikuwa yanapanda. Aliponigeukia alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Kwa hiyo tangu hapo," akasema, "wewe ulikuwa unakaa na nani?"

"Na huyo," nikasema, nikionyesha kioo.

"Peke yenu?"

"Peke yetu."

"Pole, Shangazi," akasema Hilda.

Bakoba nzima ilikuwa imenipa pole, na Muleba nzima, mamia kwa mamia, na zote zilikuwa pole za Deo. Ile ya mtoto ilikuwa yangu. Niliipokea vibaya. Nilikaa chini sakafuni na miguu yangu mbele kama mlevi, nikalia mbele ya mtu wa miaka tisa niliyetakiwa kumbembeleza, na yeye akavua lile sweta lake lililolowa, akakaa kando yangu, na hapo ndipo naye akaanza.